Barua kwa wazazi mlioachana, kabla hela ya korosho haijaingia

Wanangu wa Tandahimba mlioachana na bado mna watoto wa kulea,

Asalamu aleikum, na kwa msio Waislamu, amani iwe nanyi.

Wengi wenu mnaniita mjomba, na wengine nilikaa na wazazi wenu siku mnaposwa. Nimekaa pia kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa, miaka mingi, na vingi viliishia kwenye talaka. Watu wakishindwana wameshindwana, siwalaumu kwa hilo. Linaloninyima usingizi ni jinsi mnavyowafanya watoto baada ya hapo.

Mwezi uliopita nilikuwa barazani na kijana mmoja. Binti yake wa miaka minane akaja, akaamkia, akasimama mikono nyuma kama yuko mbele ya mwalimu. "Baba, mama amesema kama huna hela ya viatu, Jumamosi usije." Baba yake hakuinua macho. "Kamwambie akulete uishi kwangu, viatu utavikuta huku." Mtoto akaitikia, akaondoka. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye mwembe, midomo inacheza. Alikuwa anayakariri maneno yale asije akayasahau njiani. Aliyakariri kama anavyokariri jedwali la kuzidisha, na yalikuwa maneno ya kumkataa yeye mwenyewe.

Jioni hiyohiyo vijana kijiweni walikuwa wanabishana juu ya talaka za mastaa wa Marekani, timu mke huku, timu mume kule. Mmoja akasema Kanye West alikubali kumpa Kim Kardashian dola 200,000 kila mwezi za watoto wanne, ndoa yao ilipomalizwa Novemba 2022. Mwingine akamleta Kevin Costner. Kweli, Julai 2023 mahakama ilimwamuru alipe kwa muda dola 129,755 kwa mwezi kwa watoto watatu, na Septemba, baada ya kusikiliza hesabu za pande zote mbili, ikashusha hadi dola 63,209. Hata hiyo iliyoshushwa ni zaidi ya shilingi milioni 150. Kijiwe kizima kikapiga mluzi.

Mimi nilikuwa nafikiria wengine, Angelina Jolie na Brad Pitt. Mama alifungua shauri Septemba 2016, na likamalizika Desemba 2024. Mapacha wao wa mwisho walikuwa na miaka minane lilipoanza, umri wa binti yule wa pale mwembeni. Lilipokwisha walikuwa na miaka kumi na sita. Mkorosho uliopandwa mwaka ule ulikuwa umekwisha kuvunwa misimu kadhaa. Wazazi wale hawakukosa hela wala mawakili. Utoto wa wale mapacha uliishia humo, na hakuna hukumu inayoweza kuurudisha.

Sasa sikilizeni ya kwetu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka baba amtunze mtoto wake, awe anaishi naye au anaishi kwa mwingine. Kwa hiyo ile kauli ya "aje kwangu ndiyo nitamlisha" haina miguu. Inasema pia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa heri akae na mama, ila hilo linaweza kupingwa kwa sababu za kweli. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kutunzwa na kusomeshwa kama alivyokuwa kabla, na ana haki ya kumtembelea na kukaa kwa mzazi asiyeishi naye, isipokuwa kama kufanya hivyo kunamvurugia masomo au mafunzo. Haki zote hizo zimeandikwa kwa jina la mtoto. Mama, kumzuia Jumamosi kwa sababu ya viatu ni kumtoza mtoto deni la baba yake. Nawe baba, kufunga mkono kwa sababu umenyimwa Jumamosi ni kumtoza kosa la mama yake.

Kama kuna kipigo au ulevi wa kutisha, hapo mtoto asipelekwe. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii upesi.

Wapo wanaonijibu kwamba kwetu watoto ni wa ukoo wa mama, basi wajomba zao wawalishe. Ni kweli Wamakonde tunahesabu ukoo kwa mama, na mimi mjomba sikatai mzigo wangu. Lakini sijawahi kusikia mzee yeyote wa Newala wala wa hapa akisema baba aliondolewa kwenye chungu.

Kiasi gani? Mahakama zetu hutazama kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Msikopi ya Costner, wala msikopi utaratibu wa kila mwezi kama huna mshahara. Baba wa korosho akiahidi elfu hamsini kila mwezi, Aprili atakuwa mwongo hata kama moyo wake ni mzuri. Mnada wa korosho ukishapita na chama cha msingi cha ushirika kikaingiza hela benki, hiyo ndiyo siku ya mtoto. Toa fungu lake lote kabla hujanunua bati na kabla hujaitwa na marafiki: sare, madaftari, mchango wa chakula shuleni, gunia la unga, akiba ya homa. Ada ya shule za serikali ilifutwa, sare haikufutwa. Ufuta ukiuzwa katikati ya mwaka, ongeza. Andikeni kwenye karatasi, kila mmoja abaki na nakala. Na wale mnaouza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama, ili hela isionekane benki, mnatupa sehemu ya bei kwa kumkimbia mtoto wenu wenyewe.

Mama, ukipokea, andika ulichonunua. Si kwamba u mwizi. Ni ili msimu ujao kusiwe na neno. Na picha ya baba watoto yenye matusi iondoe kwenye simu leo, maana mtoto ameshaonyeshwa na wenzake shuleni.

Minada haijaanza. Jumamosi hii baada ya swala ya adhuhuri niko barazani. Njooni wawili wawili, mama na baba, na kalamu. Watoto waacheni wacheze.

Mjomba wenu,
Tandahimba, Mtwara