Mhariri, tuwekeeni mechi moja ya chesi kila Jumamosi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi, naomba nafasi kidogo. Mimi ni msomaji wenu wa Majengo, Moshi. Jumamosi iliyopita nilimpeleka kijana wangu wa darasa la sita Arusha kwenye mashindano ya chesi ya watoto, tumedamka saa kumi usiku kuwahi Kosta, na mechi yake ya kwanza nimeiangalia nimesimama ukutani moyo unadunda.

Ana kete nyeupe, kafungua kwa askari e4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), mwenzake, binti mmoja, kajibu e5, mara dogo huyoo malkia mpaka h5. Nikajua hapa hatuna kitu. Ule ni ufunguzi wa kuwinda mat, yaani mfalme kushikwa hana pa kukimbilia, kwa hatua nne, malkia na askofu wanaivizia f7 pembeni ya mfalme, kauona kwenye simu na mtaani ameshafunga nao wenzake wengi. Sasa yule binti wala hakushtuka, katoa farasi c6 kulinda e5, dogo kaleta askofu c4, binti kasukuma askari g6 kumfukuza malkia, malkia karudi f3, binti kaleta farasi wa pili f6, mlango umefungwa. Hatua nne tu binti ana farasi wawili uwanjani, wangu ana malkia wa kukimbizwa, tena amekalia f3 ambapo farasi wake mwenyewe ndo angetokea. Alifungwa, akalia njia nzima mpaka Boma Ng'ombe.

Simlaumu, nani amemwonyesha kingine? Mwaka 1858 kule Paris, Paul Morphy wa Marekani, kijana wa miaka 21, alicheza na mabwana wawili wanaoshauriana, wakiwa jumba la opera. Yeye hatua nyingi analeta kete mpya, wenzake wana askofu na ngome ambazo mpaka mwisho hazijasogea hata kidogo. Hatua ya 16 akamtoa malkia sadaka, ya 17 mat, na amebaki na ngome moja na askofu mmoja tu! Mtoto akiipanga hiyo mechi ubaoni mwenyewe anaelewa kwa nini kete zote zitolewe mapema, siyo kumkimbiza malkia peke yake.

Mechi nzima inaenea kwenye mistari michache pembeni ya msimamo wa Ligi Kuu, wekeni na picha ya ubao. Mkianza na hiyo ya Paris nitanunua nakala mbili, moja ya dogo, nyingine naibandika kijiweni tunapochezea drafti.

Mzazi, Majengo, Moshi