Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano wa Kenya: tupe ratiba ya dishi la Longonot

Mheshimiwa Waziri,

Kituo cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970 ili simu na matangazo yetu yapitie kwenye setilaiti. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na nyaya za baharini. Ghana ilikuwa na dishi la namna hiyo pale Kuntunse, lenye upana wa mita 32; ikaligeuza kuwa darubini ya redio, yaani ya kupokea mawimbi ya redio yatokayo angani, na kulizindua 2017. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mpango wa kuunganisha darubini za Afrika, na Longonot nayo ilitajwa humo. Ninachoomba ni ratiba iliyo wazi: dishi letu litageuzwa lini, na kwa fungu gani la bajeti.

Kuna kazi inayolingoja. Katika galaksi (kundi kubwa mno la nyota) ya M82, umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, nyota huzaliwa kwa wingi mno, na zile kubwa hazikawii kulipuka. Vumbi la huko ni zito, hivyo milipuko mingi haionekani kwa darubini za kawaida. Mapema 2008 nyota moja ililipuka humo na hakuna aliyejua. Mwaka uliofuata mwanaastronomia Andreas Brunthaler na wenzake waliikuta kwenye data za redio, maana mawimbi ya redio hupenya vumbi. Ikaitwa SN 2008iz. Walipounganisha darubini zilizotawanyika mbalimbali, waliona wimbi la mlipuko likiwa na umbo la pete, likitanuka kwa takriban kilomita 23,000 kila sekunde.

Utafiti uliofuatilia mlipuko huo, uliochapishwa 2016, uliongozwa na Mkenya, Naftali Kimani. Alitegemea darubini za nchi nyingine. Hilo linaniuma, Mheshimiwa.

Tena mahali petu ni pazuri kuliko tunavyodhani. Kutoka Hartebeesthoek, penye darubini ya redio ya Afrika Kusini, M82 haichomozi kamwe. Ulaya nako, NGC 253, galaksi nyingine ya aina hiyo, hupita chini sana karibu na upeo wa macho. Longonot, digrii moja tu kusini mwa ikweta, inaziona zote mbili, na iko katika pengo kati ya darubini za Ulaya na za Afrika Kusini.

Naomba pia mafundi wa zamani wa kituo hicho waitwe mapema, kabla ujuzi wao haujapotea. Wao ndio wanaojua mota na gia za dishi hilo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa fizikia, Nakuru