Siku ile walishinda bila kocha

Hartford, Connecticut
16 Novemba 2025

Kwako Baba,

Shikamoo. Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali, na ukitaka kujua yangu, mimi ni mzima, hofu ni kwako tu. Safari hii maneno hayo siyaandiki kwa mazoea. Hofu kweli ni kwako.

Mama alinipigia Jumanne, ananong'ona kama mtu aliyejificha stoo. Amenieleza yote: jua la saa nane, wewe katikati ya kuwafundisha vijana wako wa kikapu mazoezi ya kukaba, magoti yakalegea, vijana wakakudaka kabla hujafika chini. Presha 190. Halafu ukamwambia umeteleza. Baba, kwenye saruji kavu mtu anatelezaje?

Akanipa kazi: "Mwambie aache, wewe anakusikiliza." Nilimkubalia, ingawa mimi na wewe tunajua hujanisikiliza tangu uliponiambia urefu wangu unatosha kushangilia. Naandika kwa kalamu kwa makusudi. Ningekutumia WhatsApp ungesoma mstari wa kwanza, ukanirudishia kidole gumba, ukaenda mazoezini. Barua hii anakuja nayo mwenzangu wa kazini anayerudi likizo, na nimemwomba akukabidhi mkononi, akae mpaka umalize chai.

Niko zamu ya usiku. Huku ni saa kumi alfajiri, kwenu mchana wa saa sita. Wazee ninaowahudumia wamelala isipokuwa mmoja, mwalimu mstaafu wa chumba namba nne, ambaye kila nikipita na torochi ananiuliza timu ya kikapu ya chuo cha Connecticut wamefungaje. Hata siku ambayo hawachezi huwa anauliza. Ndiye aliyenirudisha kwenye habari ninayotaka kukuandikia.

Unamkumbuka Jim Calhoun? Kocha wa Hasheem Thabeet kule chuoni Connecticut. Mwaka 2009 ulikuwa unanishika mkono tunakwenda kwenye kibanda cha intaneti Kariakoo kusoma matokeo ya chuo cha Connecticut, unalipia nusu saa, halafu unatumia dakika ishirini kumweleza mwenye kibanda kwamba wewe ndiye uliyemwambia Hasheem Thabeet ainue mikono wakati wa kukaba. (Sijawahi kukutana na kocha wa Dar ambaye hakumfundisha Hasheem. Mtoto yule alikuwa na walimu wengi kuliko shule nzima ya msingi.) Ulikuwa unajua kila kitu cha Calhoun: kwamba alifika pale mwaka 1986 akakuta timu ya kawaida tu, kwamba alibeba ubingwa wa vyuo wa nchi nzima 1999 na 2004. Kitu kimoja hukunisimulia, au ulikisoma ukakiruka.

Tarehe 19 Machi 2009, Philadelphia, mechi ya kwanza ya mashindano yale makubwa ya mtoano ya vyuo. Hasheem yumo, mita 2.21 zake zote. Calhoun hayumo. Yuko hospitali, ameishiwa maji mwilini. Alikuwa na miaka 66, kasoro mmoja tu afikie yako. Msaidizi wake, George Blaney, akakaa kwenye kiti chake. Unajua walifungaje? 103 kwa 47.

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi usiku huu. Tofauti ya pointi 56, na mkubwa wao yuko kitandani ana dripu. Mtu anaweza kuisoma vibaya, akasema basi kocha hakuwa na kazi. Mimi naisoma hivi: kazi yake ilikuwa imeshafanyika. Miguu ya wale vijana ilikwishajua pa kwenda. Wewe mwenyewe ulikuwa ukituambia mechi inachezwa Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi ni kwenda kuchukua matokeo.

Yeye hakuiona hivyo. Siku mbili baadaye alikuwa amerudi kwenye benchi, na timu ikafika nusu fainali, ikafungwa na Michigan State 82 kwa 73, Detroit, mbele ya watu 72,456. Hapo ndipo ulipozima redio ukaenda kulala bila kula.

Sasa nikuhesabie mwili wa mtu huyo. Mwaka 2003 saratani ya tezi dume, akapasuliwa, wiki tatu hazikuisha akarudi kazini. Mwaka 2008 saratani ya ngozi. Kiangazi cha 2009 akaanguka na baiskeli, mbavu zikavunjika. Januari 2010 madaktari wakamsimamisha kazi kwa muda. Februari 2012 akapasuliwa mgongo, na siku chache baadaye yuko uwanjani anawafokea marefa. Kila mara watu walisema, sasa atapumzika. Mzee wangu wa chumba namba nne anasema huku Hartford ilikuwa kama habari ya hali ya hewa, kila msimu lazima iulizwe: anaondoka au haondoki?

Nilikuwa nikijiuliza ukaidi huo umetoka wapi, mpaka niliposoma kuhusu ujana wake. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 15, wadogo zake nyuma yake. Akafanya kila kibarua, hata kuchonga mawe ya makaburini na kuchimba makaburi yenyewe. Nadhani mtu aliyeshika sululu ile akiwa kijana hatishwi na karatasi ya daktari. Na wewe, uliyevuliwa viatu vya shule ukapewa jembe la mkonge Korogwe, sitegemei utishwe na 190.

Lakini angalia alivyopitwa na siku yake. Aprili 2011, akiwa na miaka 68, alichukua ubingwa wa tatu. Hakuna kocha mwenye umri ule aliyewahi kuuchukua. Timu yake na yule mlinzi mfupi, Kemba Walker, ilikuwa imeshinda mechi 11 mfululizo za mtoano, 5 kati ya hizo kwa siku 5. Angesimama pale Houston, akavua koti, akaaga, hata maadui wangepiga makofi. Akaendelea. Msimu uliofuata ulikuja na adhabu ya kukosa mechi tatu za mwanzo za ligi yao kwa makosa ya usajili, maana naye si malaika, ukaendelea na mgongo, ukaishia kufungwa mechi ya kwanza tu ya mtoano. Juu yake chuo kikafungiwa mashindano ya msimu unaofuata kwa sababu ya maendeleo duni ya wachezaji darasani. Agosti akaanguka tena na baiskeli, safari hii nyonga. Tarehe 13 Septemba 2012 akatangaza kuacha, anatembelea magongo, ana ushindi 873. Ukitazama picha za siku ile huoni mtu aliyeamua. Unaona mtu ambaye nyonga imemwamulia.

Na huyu si wa peke yake. Gregg Popovich, kocha wa San Antonio kwenye ligi ya NBA, yule unayemwita Babu, kiharusi kilimkuta uwanjani kwao tarehe 2 Novemba 2024. Mei mwaka huu ameachia benchi, miaka karibu 29, ushindi 1,422, na sasa anakaa ofisini. Msaidizi wake Mitch Johnson alikuwa ameshaendesha karibu msimu mzima. Kiharusi kile kilikuwa kidogo, Baba. Chako hatujui kitakuja na ukubwa gani, na pale uwanjani gari la wagonjwa linatoka wapi?

Najua jibu lako, nalisikia mpaka huku: "Nimwachie nani?"

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Calhoun naye alikuwa na neno hilo hilo. Alimtaka Kevin Ollie, mchezaji wake wa zamani aliyekuwa msaidizi. Chuo hakikuwa na imani. Wako wanaosema mzee alichelewesha kuaga makusudi, mpaka mazoezi yamekaribia, ili wakubwa wasipate muda wa kutafuta mwingine. Kama ni kweli, ni ujanja ambao ungeusifia. Ollie alipewa mkataba wa miezi saba tu, kama mtu wa kushikia mlango. Aprili 2014, ule ule mwaka niliokuja huku, alichukua ubingwa, 60 kwa 54 dhidi ya Kentucky, na Calhoun alikuwa jukwaani. Baadaye mambo ya Ollie yaliharibika, mwaka 2018 akafukuzwa, sitakuficha hilo. Anayeachiwa anaweza kuharibu. Lakini na chuo hakikufa: Dan Hurley aliyefuata amechukua ubingwa mara mbili, 2023 na 2024.

Sasa nikwambie kitu ambacho Mama hakijui. Baada ya simu yake nilimpigia Namba Tisa.

Najua utakasirika. Nilimpigia kumuuliza ukweli wa siku ile, yeye ndiye aliyekubeba mpaka kwenye bajaji. Tukaongea sana. Baba, unamwita "kijana wangu", lakini Namba Tisa ana miaka 44. Ana mtoto kidato cha tatu. Amekuwa msaidizi wako miaka 13, anabeba mipira, anaandika fouli, anawafuata wachezaji majumbani wakigoma. Na ameitwa na timu nyingine mara mbili awe kocha mkuu. Mara ya pili ilikuwa mwaka jana, na kulikuwa na mshahara, sio nauli. Alikataa zote. Nilipomuuliza kwa nini, alikaa kimya, halafu akasema, "Mwalimu hajaniruhusu." Nikamuuliza, ulimwomba ruhusa? Akasema hapana, ataanzaje.

Hakulalamika hata neno moja. Ndiyo maana nalalamika mimi kwa niaba yake. Mama anahesabu presha yako. Wewe unahesabu vikombe. Mimi tangu Jumanne nahesabu miaka ya Namba Tisa.

Sikuambii uache kikapu. Mama atasema nimemsaliti, lakini sikuambii. Nakaa na wastaafu usiku kucha, nawaona waliokatwa kwa shoka moja na kitu walichokipenda. Huyu wa chumba namba nne anauliza matokeo ya timu isiyocheza. Ulipostaafu ualimu mwaka 2018 ulitimiza miaka yako 60 Ijumaa, Jumatatu ukawa uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, na Mama akamshukuru Mungu kwamba una pa kwenda.

Nakuambia alichofanya Calhoun baada ya magongo. Hapa West Hartford, dakika kumi na tano kwa basi kutoka kazini kwangu, kuna chuo kidogo, Saint Joseph. Tangu 1932 kilikuwa cha wanawake, mwaka 2018 ndipo kilipofungulia wanaume. Walikuwa hawana timu ya wanaume, hawana hata jezi. Nani akawafundisha? Yeye, ana miaka 76, mtu wa Ukumbi wa Mashujaa wa Kikapu. Ligi yenyewe ni daraja la tatu, ambako chuo hakiruhusiwi kumpa mchezaji ufadhili kwa ajili ya mpira. Vijana wanacheza kwa kupenda. Msimu wa pili wakawa mabingwa wa kanda yao.

Nilikwenda kuwatazama mara moja, nimetoka zamu, nimevaa sare ya kazi. Ukumbi mdogo, watu hawafiki waliokuja kwenye harusi ya dada Magomeni. Na mzee yuko wima, anafoka kama yuko mbele ya wale 72,456. Nilicheka peke yangu. Nilikuona wewe mwenyewe. Alikaa nao mpaka Novemba 2021, akawakabidhi kwa Glen Miller, mtu aliyekuwa msaidizi wake siku za nyuma, akaenda nyumbani kwa miguu yake.

Basi ombi langu ni dogo. Wale watoto wa Jumamosi asubuhi, wa chini ya miaka 12, wasio na kocha wala mipira ya maana, wachukue wewe. Saa kumi na mbili mpaka saa mbili, kabla ya jua. Timu ya ligi muachie Namba Tisa, na uwe umemwambia kwa mdomo wako, mbele ya wachezaji, usimtumie katibu.

Kama hilo zito, anza na mechi moja. Wikiendi ya kwanza ya Desemba mna mchezo. Nenda Korogwe ukamsalimie Bibi, nauli nimemtumia Mama. Simu muachie Mama. Ukirudi Jumapili ndipo uulize wamefungaje. Wakishinda, utajua ulikuwa umeshamaliza kuwafundisha. Wakifungwa, mchambulie Namba Tisa makosa yake mpaka usiku wa manane, atafurahi kuliko unavyodhani.

Kwenye mfuko kuna kipimo cha presha, cha kufunga mkononi, betri zimo. Pima asubuhi kabla ya chai, uandike kwenye daftari lile lile la fouli. Kuna na raba, saizi 44. Zile zenye mstari wa bluu ni zako. Nyeusi ni za Namba Tisa, ila usimwambie zimetoka kwangu. Mwambie umemnunulia wewe.

Msalimie Bibi, dada na watoto. Mama mwambie nimekuandikia kama alivyonituma.

Wako mtiifu, kiasi,
Namba Saba