Wapigaji wa taarabu nao watajwe

Mhariri,

Redio zetu zinapopiga taarabu humtaja mwimbaji peke yake, ilhali wimbo uliorekodiwa ni kazi ya kundi zima, tangu mpiga fidla hadi mpiga ngoma. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliimba huku akipiga udi mwenyewe, lakini albamu ya Mtindo wa Mombasa, iliyotolewa Uingereza mwaka 1990 na ambayo kwangu haijapata mfano, ilitoka kwa jina la kikundi, Zein Musical Party. Kanda za harusini nazo nazipenda, japo majalada yake (wenye kanda watanielewa) aghalabu hayasemi nani kapiga nini. Watangazaji wa Pwani wawaulize wazee waliobaki, kisha majina hayo wayasome hewani.

Mpenzi wa udi,
Langoni, Lamu