Rimu za Mark X zisinunuliwe kwa macho

Mhariri,

Wenye gari za Toyota Mark X hapa Unguja wakiona matundu matano ya nati, yaliyopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, yameingia, basi, kazi imekwisha. Haijesha! Habu yake, yaani kitovu cha gari kinachoingia katikati ya rimu, ni milimita 60.1, na rimu nyingi za kununua zina tundu la kati la 73.1. Bila pete ya kuziba nafasi hiyo, rimu hukaa upande, usukani hutetemeka kwenye mwendo, halafu analaumiwa fundi wa balansi.

Nati za Toyota zenye washa bapa hazikai kwenye matundu ya rimu hizo yenye umbo la koni, hulegea. Ziwe za koni, za uzi wa M12 kwa 1.5 (unene milimita 12, hatua ya uzi 1.5), zikazwe kwa mshazari hadi nyutoni-mita 103, zirudiwe baada ya kilomita 80. Kutu ya habu, kwa chumvi yetu hii, isuguliwe kwanza.

Fundi magari,
Mwanakwerekwe, Unguja