Mayai ya usiku ni ya nani?

Ndugu Mhariri,

Saa tatu usiku stendi ya Kange, hapa Tanga, utamkuta mtoto wa miaka 10 au 11 na trei ya mayai ya kuchemsha, kachumbari kwenye kindoo. Abiria wananunua, wengine wanamsifu eti mchapakazi. Mayai si yake. Yuko mtu mzima pembeni anayesubiri hesabu, na hesabu ikipungua mtoto analala njaa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Lakini utafiti wa watoto wanaofanyishwa kazi, ukiwa wa kupita kaya kwa kaya mchana, hauwezi kumwona mtoto kama huyu, aliyeletwa mjini kwa ahadi ya kusomeshwa. Nani atamtaja mbele ya mgeni mwenye dodoso? Watafiti waje usiku, wafuatilie fedha inaishia kwa nani. Na wasiwasahau mabinti wanaouza karanga milangoni mwa baa. Huko kinachonunuliwa si karanga tu, na wengi tunajua.

Wenyeviti wa mitaa wabandike namba 116 ya huduma kwa mtoto pale stendi, kwenye kila dirisha la tiketi. Kupiga ni bure.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga