DreadBall: boksi limefunguliwa

Wapendwa, habari za jioni. Jana nimefungua boksi la DreadBall, ule mchezo wa mezani wa mpira wa kubuni, unaochezwa kwa vinyago, wa kampuni ya Mantic Games ya Uingereza uliotoka 2012. Ndani kuna timu mbili: binadamu, na orki wakishirikiana na goblini (viumbe wa hadithi za kubuni). Vinyago huja vipandevipande, kwa hiyo gundi ni lazima. Nilimshika mlinzi wa orki kwa ncha ya vidole mpaka mkono wake ukakamata begani, na nikiri amenivutia kuliko wote, mabega kama mlango!

Kilichonipendeza zaidi ni hesabu ya magoli. Hakuna kila mtu na alama zake. Kuna mstari mmoja tu, mkifunga mnauvuta kwenu, wapinzani wakifunga wanaurudisha. Ukiongoza kwa 7, mechi imekwisha hapohapo. Ndiyo maana hata aliye nyuma hakati tamaa, goli la pointi 4 linageuza kila kitu.

Kitabu cha kanuni kisomeni mapema tafadhali, hasa sehemu ya kukabana. Jumamosi saa kumi tunacheza. Rangi bado sijapaka, mwenye brashi nyembamba aje nayo.